Mita Nane kwenye Njia ya Kinna

Bulla Pesa, Isiolo
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa kaka yangu Tadicha,

Assalamu aleikum. Nagaa, amani, kwako na kwa nyumba unayolala, na kwa wote unaokula nao sahani moja. Mwili uko vipi? Huko Moyale nasikia asubuhi zina baridi ya kuuma masikio, na wewe tangu utotoni sweta ni adui yako. Akolong wa basi ameniambia ulikuwa na kikohozi. Kama bado kipo, chemsha tangawizi, halafu uende ukapimwe, usijifanye chuma. Mvua ilinyesha? Watu wa huko wana amani?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baba anakwenda msikitini na kurudi bila fimbo, ila akiona mtu anamtazama anaishika ili aonewe huruma. Mama analalamika goti, lakini juzi nimemkuta juu ya kiti akipaka ukuta chokaa, kwa hivyo usimwamini sana. Mbuzi wako watatu wamekuwa saba. Yule mweusi bado ni mkorofi, wiki iliyopita alitafuna daftari la mwanafunzi wangu mmoja, na mwenye daftari alifurahi kuliko mbuzi. Idi ya kuchinja imepita, tumechinja, tumekula, na Mama amekuwekea nyirinyiri kwenye kile chombo chake cha mbao. Anayekisogelea anafukuzwa. Anasema nyama iliyolala ndani ya mafuta haina haraka, inaweza kukungoja.

Najua unashangaa kuandikiwa barua ya kalamu siku hizi. Nifanyeje? Simu yangu hupokei. Meseji zangu unazisoma, naziona zile alama mbili zikigeuka buluu, kisha kimya. Nimeona bora nimpe Akolong, yule kondakta wa basi la Moyale, barua hii mkononi, pamoja na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kamba. Kifurushi usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, wewe ni mtu wa kuanzia mwisho. Mimi ni mwalimu na mtihani wangu una maagizo.

Nianze na habari njema, halafu nirudi nyuma. Jana, baada ya swala ya Ijumaa, wazee walikaa tena uani kwa Mzee Shuriye kuhusu ile ajali ya njia ya Kinna. Wamekuondolea lawama. Hukuwa unakimbia. Ulikuwa ukienda kilomita thelathini na sita kwa saa, kama ulivyosema mwenyewe, na Bulla Pesa nzima sasa inajua hivyo, mpaka wauza mitumba. Kaa chini kwanza, kunywa maji, ndipo uendelee.

Nitakusimulia mambo ambayo mengine unayajua kuliko mimi. Nivumilie. Kwenye fizikia tunaanza kwa kuandika yale yaliyotolewa na swali, hata kama kila mtu anayajua, maana wengi huanguka papo hapo mwanzoni. Ilikuwa Novemba, ule mwaka wa mvua kubwa, na sasa ni mwaka mmoja na miezi saba. Ulikuwa unarudi kutoka Kinna na lori la Baba, mbuzi ndani, abiria juu ya vyuma, na mitungi ya maziwa ya ngamia kwenye keria iliyo juu ya kichwa cha lori. Maji ya laga, ule mto wa msimu wa mvua, yalikuwa yameshuka na kukata barabara, yakaacha mtaro ambao haukuwa na alama wala tawi la kuonya mtu. Magurudumu ya mbele yakaingia na lori likasimama papo hapo, kama punda aliyekataa. Guled, utingo wetu, ambaye ni mpwa wa Mzee Shuriye, alikuwa amesinzia juu. Alianguka akavunjika paja. Na mtungi mmoja wa Habsa, yule mama muuza maziwa, ambao ulipakiwa mwisho na haukufungwa vizuri, ulichomoka kwenye keria ukaruka mbele.

Kesho yake alasiri wazee wa pande mbili wakakaa maslaha, watu wa Guled na sisi, wayamalize wenyewe kwa wenyewe kama tulivyozoea. Swali lilikuwa moja: ulikuwa unakimbia au hukuwa unakimbia? Kila mtu alikuwa na jibu kabla ya kuketi. Maziwa yakichelewa kwenye joto yanachacha, na madereva wa njia ile wana sifa yao, huwezi kuwatetea. Abiria walipoulizwa, watatu walisema walikuwa wamelala, mmoja akasema ulikuwa unapaa, na mwingine akasema alikuwa amefumba macho akisoma dua, kwa hivyo hakuona chochote. Ukiniuliza mimi, mtu anayesoma dua macho yamefumba ameshatoa ushahidi wake, na wazee nao walimwelewa hivyo.

Hapo ndipo nilipojitokeza. Uliniona, lakini hukuwahi kuniuliza nilifikaje pale, kwa hivyo nikueleze. Kitu kikirushwa mbele kutoka mahali pa juu, watu huona njia moja iliyopinda, wanaogopa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hiyo ni miendo miwili iliyofungwa pamoja, kazi yetu ni kuifungua. Kuna mwendo wa kwenda mbele, na huo hauongezeki wala haupungui, maana hakuna anayeusukuma. Upepo tunausamehe. Halafu kuna mwendo wa kuanguka, ambao unaanza na sifuri, kwa sababu mtungi haukutupwa chini, ulitupwa mbele. Kuanguka hakujui habari za kwenda mbele. Kinachoiunganisha miendo hiyo ni muda peke yake: mtungi unaenda mbele kwa muda ule ule unaoanguka, ukigusa ardhi mambo yote mawili yamekwisha. Basi unaanza na kimo. Unakizidisha kwa mbili, unagawanya kwa kumi, ambayo ndiyo hesabu ya mvuto wa ardhi, unatafuta kipeuo cha pili, huo ndio muda. Kisha unachukua umbali na kuugawanya kwa muda huo, unapata kasi. Mtoto wa kidato cha tatu anaweza, wanaokimbia fizikia wanaogopa bure.

Asubuhi ile, kabla ya maslaha, mimi na Baba tulikwenda mpaka kwenye mtaro. Lori lilikuwa bado limeinamisha pua. Nilifunga jiwe kwenye uzi nikauteremsha kutoka kwenye keria, nikapata mita tatu na sentimita ishirini. Baba akashika mwanzo wa tepu pale chini ya keria, nami nikatembea na ile tepu ndefu ya shule, ya kitambaa, tunayopimia miruko siku ya michezo. Nikaruka msafara wa sisimizi, nikaendelea mpaka kichakani ulipolala mtungi wa Habsa, na uzi wake mwekundu ukiwa bado shingoni. Nikasoma mita kumi na sita.

Wazee hawakunielewa mwanzoni, unakumbuka. Nikaomba sarafu mbili. Moja nikaiweka ukingoni mwa meza ya kahawa, nyingine nikaishika kwa kimo kile kile. Ya mezani nikaipiga kwa kidole iruke mbele, ya mkononi nikaiachia, zote kwa wakati mmoja, na zilipofika kwenye saruji mlio ulikuwa mmoja. Mzee Shuriye aliniambia nirudie mara nne. Kisha akasema babu yake, aliyekuwa askari wa Mwingereza, alikuwa akisimulia kwamba risasi iliyopigwa sawasawa mbele na risasi iliyodondoshwa kutoka mkononi hufika chini pamoja, na watu walimwita mwongo mpaka akafa. Mzee alifuta macho kwa kilemba. Kutoka hapo walikuwa wangu wote.

Nikawapa muda, sehemu nane za kumi za sekunde. Nikawapa umbali, kumi na sita. Nikawapa kasi, mita ishirini kwa sekunde, ambayo ni kilomita sabini na mbili kwa saa, na watu wakiwa juu ya vyuma. Mmoja akauliza kama dada anaweza kupima haki ya kaka yake. Mzee Shuriye akamjibu, "Hesabu haina ukoo." Wewe hukuwatazama wao. Ulinitazama mimi, ukasema, "Abiba, nilikuwa polepole." Wazee wakaamua usibebe watu tena, Baba akanyoosha mkono mbele yao wote akachukua ufunguo, na alfajiri iliyofuata ukapanda basi la kaskazini bila kunywa chai.

Sitakuficha, baada ya pale nilivimba kichwa. Wazee wameniita mara tatu tangu siku hiyo. Mara moja walitaka kujua kina cha kisima bila kuingia ndani, nikadondosha jiwe na kuhesabu sekunde, nikawaambia, na kamba ilipoteremshwa ikakubaliana nami. Kina mama sokoni wananiita Mwalimu wa Sarafu. Mwaka ule wasichana waliochagua fizikia shuleni kwetu walikuwa wanne, na sasa ni kumi na tisa. Swali la lori nikalifanya swali langu. Mwaka jana nililiandika ubaoni na mwaka huu nikaliandika tena, bila jina lako, lakini Isiolo ni mji mdogo na hakuna asiyejua ni lori la nani.

Wiki mbili zilizopita niliwapa kidato cha tatu swali hilo. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefanya kazi ya gololi maabarani. Gololi inabingirika kutoka mezani, kimo ni sentimita themanini, na sakafuni tunanyunyiza majivu, maana gololi haikai ilipoangukia, inaendelea na safari zake. Majivu yanaonyesha mahali ilipogusa kwanza. Mnyunyizaji siku hiyo alikuwa Anisa, mjukuu wa Habsa, msichana mwembamba anayeuliza maswali akiwa bado anatafuna kalamu. Nikamaliza kuandika ubaoni, nikageuka, mkono wake uko juu. Akasema, "Mwalimu, hizo mita kumi na sita ni za mtungi au ni za maziwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Anisa akaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba nyanya yake akisimulia ajali ile huwa anasema maziwa yake yalilala mahali pamoja na mtungi ukalala mahali pengine, mbali, chini ya kichaka. Kwa hivyo alitaka kujua kama pale barabarani kulikuwa na majivu. Nikamwambia swali ni zuri, nikawaambia wafunge vitabu, na kengele ilikuwa haijalia.

Jioni nilikwenda sokoni kwa Habsa. Nilimkuta katikati ya mitungi yake, kila mmoja na uzi wake mwekundu, akinusa kifuniko kimoja kimoja. Unajua wanavyofanya, pua yao ndiyo kipimo. Akanihadithia bila kusita. Jioni ya ajali alifika na bodaboda, na hakuutafuta mtungi hata kidogo. Mtungi ni plastiki, alisema, utanunua mwingine. Yeye alitafuta maziwa, kwa sababu yalikuwa ya nyumba tatu zilizomwamini. Aliyakuta barabarani yamemwagika duara, kifuniko kando, mtungi mtupu ukiwa umeshabingirika kwenye mteremko kuelekea laga. Alitembea kutoka pua ya lori hadi kwenye maziwa, na kila hatua alisema astaghfirullah asije akatukana. Anakumbuka zilikuwa kumi na tatu, kwa sababu alipofika kumi na tatu alikaa chini.

Nikamwomba atembee hatua kumi na tatu pale sokoni. Wenzake walicheka mpaka wakashika mitungi. Alitembea na leso yake begani kama mtu anayekwenda harusini, nami nikapima nyuma yake, nikapata mita nane na kitu kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya maslaha. Akaniangalia kama mtoto. Alisema siku ile aliulizwa thamani ya maziwa tu, na aliposikia mwalimu ameshapima, akajua mwalimu amepima kila kitu.

Mita nane kwa sehemu nane za kumi za sekunde ni mita kumi kwa sekunde, yaani kilomita thelathini na sita kwa saa. Jana niliwaambia wazee hivyo, nimesimama. Nilileta Habsa aseme mwenyewe. Nilileta gololi na majivu kwenye sinia, Mzee Shuriye akaibingirisha gololi kwa mkono wake kama mtoto wa chekechea, akaona alama ya kwanza iko huku na gololi imesimama kule ukutani. Halafu akasema walikosea, na mtu wa kuambiwa hivyo kwanza yuko Moyale. Guled alikuwepo, anatembea vizuri sasa, anachechemea kidogo tu wakati wa baridi. Alisema siku utakayoshika usukani yeye atakuwa wa kwanza kupanda juu, ila safari hii hatalala. Baba aliinuka akatoka nje. Nilimkuta amesimama nyuma ya lori, uso ameelekeza kwenye mlango wa mbuzi. Nikamwacha.

Na mimi walinisifu. Mzee Shuriye alisema mtu anayejirudi mwenyewe mbele ya watu anastahili kuaminiwa mara mbili. Nikainamisha kichwa, nikazipokea sifa.

Sasa, kaka, barua yenyewe inaanzia hapa. Yote niliyoandika huko juu ni kweli, lakini nimeyapanga kama nilivyoyapanga mbele ya wazee, ili ionekane kwamba Anisa ndiye aliyenifungua macho. Majivu yale nawafundisha watoto tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, miaka mitatu kabla ya ajali yako. Na nilikuwa nimeshajua.

Siku ile ya maslaha, watu walipotawanyika, jua likiwa bado juu kidogo, nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikipangusa tepu ya shule ili niirudishe safi. Unajua nilivyo na vitu vya watu. Nilikuwa na furaha, hata nilikuwa nikiimba. Nilianza kutoka mwisho, kumi na sita, kumi na tano, nikishuka. Nilipofika nane, kitambaa kikakataa kuteleza kwenye vidole. Palikuwa na ukoko mweupe, mpana kama kiganja, unanuka maziwa yaliyochacha, na ndani yake sisimizi mmoja amekwama. Nikakumbuka ule msafara nilioruka asubuhi. Sikuhitaji karatasi. Nane, gawanya kwa sehemu nane za kumi, ni kumi. Thelathini na sita. Nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijavuta pumzi.

Wewe ulikuwa chumbani, dirisha liko wazi, nakusikia ukipakia begi. Zipu yake mbovu ilikuwa inakwama, unaivuta, inakwama tena. Ningeinuka tu, ningezunguka nyumba, hatua zisizotimia kumi, ningekukuta. Sikuinuka. Niliikunja tepu nikaifungia kwenye mfuko, nikaiweka chini ya nguo sandukuni, na shuleni nikawaambia imepotea, nikawanunulia nyingine.

Sijitetei, nakueleza tu ujue. Muda mfupi kabla ya hapo wazee kumi na mmoja walikuwa wamenyamaza kunisikiliza mimi, msichana wa Gababo. Njiani kina mama walinishika mikono. Nikajiambia nikirudi kusema nimekosea, hakuna mwanamke atakayesikilizwa uani pale tena mpaka kiama. Nikajiambia wewe ni mwanaume, utapata lori lingine. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Ukawa unabeba magunia ya watu Moyale mgongoni, na mimi nikiandika sabini na mbili ubaoni kwa mwandiko mzuri. Lori lenyewe limepitia mikono ya madereva wanne, wote wanakimbia kuliko wewe, na kila mmoja akiondoka Baba ananiuliza kama nina hakika na ile hesabu yangu. Mara nne, Tadicha, nilimwambia nina hakika. Aliyekuwa akienda mbio siku ile ni mimi, wewe ulikuwa polepole, na nilijua tangu jioni ile.

Jana nilidhani nikisema thelathini na sita nitapumua. Badala yake nimesifiwa, na sifa hiyo si yangu. Kwa hivyo nimemwomba Mzee Shuriye awaite wazee tena Ijumaa ijayo. Sikumwambia ni kwa nini. Nitawaambia habari za tepu, uwepo usiwepo, na wakiniita mwongo nitakuwa nimeitwa jina langu. Darasani nitasema Jumatatu. Nahofia wale kumi na tisa, sikatai, lakini Anisa aliuliza swali la kweli akafungiwa vitabu, na hilo siwezi kumfanyia mara ya pili. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa, wala hawatasema ina kosa. Nitaisimamia hesabu, na aibu nitaibeba mimi.

Msamaha sikuombi kwenye karatasi. Nataka kukuomba ukiwa umekaa mbele yangu, ambapo unaweza kunikasirikia vizuri. Akolong anashuka Alhamisi na amesema atakuwekea kiti cha mbele, mlangoni, unapopenda kunyoosha miguu. Ukija, njoo na kifurushi, kwa sababu kilichomo ndani ndicho shahidi wangu pekee. Ukitaka kukichoma, kichome. Nitasema bila shahidi.

Baba anakusalimu. Amenituma nikuambie lori lina matairi mawili mapya, na ufunguo ameutoa mfukoni jana usiku, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, pale ulipokuwa ukiutundika. Hajaniruhusu kuugusa. Mama anakusalimu na anauliza unavaa nini huko. Guled anakusalimu, Habsa anakusalimu na anasema mitungi yake safari hii ataifunga mwenyewe. Mimi nakusalimu nikiwa wa mwisho, na najua sistahili hata hiyo nafasi.

Mungu akulinde njiani. Sasa kata kamba, uvute tepu mpaka nane. Sisimizi bado yupo.

Ni mimi dada yako mdogo,
Abiba Gababo